Maswali ya Wasomaji: Siku Moja Sanje na Watoto

Barua za kabla ya sikukuu zimefanana. Familia nyingi zinataka kuyaona maporomoko ya Sanje, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa asiyeijua: hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na makao yake makuu yako Mang'ula, kilomita 60 hivi kutoka mji mdogo wa Mikumi kwa barabara ya Ifakara. Ndani yake hakuna barabara ya gari. Kila kitu ni kwa miguu, na maswali yenu mengi yanaanzia hapo.

Shikamooni. Tunakaa Morogoro mjini. Watoto wetu wana miaka 6, 9 na 13, na tunaye mama mkwe wa miaka 64 anayesumbuliwa na goti. Tutatumia gari letu. Tuondoke saa ngapi, na bibi ataweza kupanda?
*Mama wa Watatu, Morogoro*

Marahaba, mama. Inawezekana, ila pigeni hesabu kuanzia mwisho wa siku, msianzie mwanzo. Wengi hupanga saa ya kufika tu, na ndio hao wanaokutwa na giza njiani.

Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Jua likishazama, nyati, tembo na swala wanavuka lami bila kuonekana mpaka taa ziwe zimewafikia, na anayegonga mnyama analipishwa faini juu ya hasara ya gari. Kwa hiyo kipande hicho kipiteni kwa mwanga, kwenda na kurudi. Ili muwe mmekivuka kufikia saa 11 jioni, ondokeni Sanje saa 9 alasiri. Ili muondoke saa 9, muwe mmeshuka mlimani saa 8 na robo, mpate muda wa kubadili nguo na kula. Mzunguko wa Sanje huchukua saa nne hivi kwa watu wazima wasio na haraka. Kwa mtoto wa miaka 6 wekeni tano. Basi miguu ianze kupanda saa 3 na robo asubuhi, na gari litoke Morogoro saa 11 alfajiri, siyo saa 12. Mkitoka saa 11 mtaingia kipande cha Mikumi kunakucha.

Halafu wekeni saa ya kugeuka: saa 6 na nusu mchana. Popote mtakapokuwa, hata kama maji yanasikika mbele, mnageuka. Mwambieni mwongozaji tangu mwanzo, na watoto waambieni kabla ya kutoka nyumbani ili pasiwe na kilio huko juu.

Jambo moja la njia: ukitokea Mikumi unavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, unapita mashamba ya miwa, na unaikuta Sanje kabla ya Mang'ula, kama kilomita 10. Pigeni simu hifadhini siku moja au mbili kabla, muulize vibali na mwongozaji mtavipata Sanje au lazima mfike kwanza Mang'ula. Asiyeuliza hujikuta anarudi nyuma kilomita hizo na saa nzima imekwenda.

Bibi asipande Sanje. Goti bovu huvumilia kupanda. Linalomtesa ni kushuka, kwa sababu kila hatua uzito wote wa mwili unatua juu yake, na njia ya Sanje ina miteremko mikali yenye mizizi. Mpelekeni kwenye njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, inayoanzia Mang'ula. Ni kama kilomita moja, dakika 40 kwa mwendo wa kawaida. Kwake wekeni saa moja na nusu, na fimbo mkononi. Maporomoko hayo ni madogo, lakini maeneo hayo ya makao makuu ndiko mbega wekundu wanakoonekana kwa urahisi, na bibi akikaa kimya kwenye kivuli huenda akaona wanyama wengi kuliko nyinyi mtakaokuwa mnahema mlimani. Mtu mzima mmoja abaki naye.

Wahariri, sisi ni ukoo wa watu 22, tumekodi Kosta kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya Idi. Tunaweza kwenda Udzungwa na kurudi siku moja?
*Baba Mdogo, Temeke*

Hapana, ndugu yetu. Ni zaidi ya kilomita 350 kwenda tu. Dereva atakayeendesha usiku kucha, asubiri mchana kutwa juani, kisha aendeshe tena usiku, ndiye hatari kubwa kuliko maporomoko yenyewe. Laleni Mikumi au Mang'ula usiku mmoja. Mnaweza pia kupanda treni ya mwendokasi mpaka Morogoro na kuikodi Kosta kuanzia hapo. Mtaokoa uchovu, lakini kulala bado kunahitajika.

Kwa watu 22, gawanyikeni makundi mawili au matatu, kila moja na mwongozaji wake, yapishane dakika 20. Njia ni nyembamba. Ukoo mzima ukipanga foleni, wa nyuma hawamsikii mwongozaji, na wa mbele hawajui kwamba kuna mtoto amekaa chini.

Nimezaliwa Zanzibar, naishi Muscat na mume wangu raia wa Oman. Tukija na watoto wetu wa miaka 4 na 11, tutalipia vipi?
*Msomaji, Muscat*

Dada yetu, ada hupangwa kwa mtu, haipangwi kwa familia. Raia wa Tanzania na wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wana kiwango chao, tena kidogo sana ukilinganisha na cha wageni. Wewe ukionyesha kitambulisho cha Mtanzania au pasipoti ya Tanzania utalipa cha nyumbani. Mumeo atalipa cha mgeni. Watoto huangaliwa pasipoti zao. Aliye chini ya miaka 5 haingii kwenye malipo. Kuanzia 5 hadi 15 ana kiwango cha mtoto. 16 ni mtu mzima. Njooni na vitambulisho halisi, maana picha iliyo kwenye simu inaweza kukataliwa.

Hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu getini. Utapewa namba ya malipo, ile ambayo wengi huita kontrol namba, ulipe kwa simu au kwa kadi. Wekeni salio la kutosha kwenye simu mbili za mitandao tofauti. Foleni nyingi za asubuhi za sikukuu zinatokana na mtu mmoja anayempigia ndugu yake Dar amtumie hela huku familia nne ziko nyuma yake. Ada ya mwongozaji huja peke yake, kwa hiyo iulizeni mnapopiga simu.

Mwaka jana Jumatatu ya Pasaka tulikuta umati, mabasi ya shule, watu wanasukumana kwenye maji. Tuchague siku gani?
*Mwalimu, Ifakara*

Mwalimu, wewe una bahati, uko karibu. Usiende siku ya sikukuu. Nenda siku ya kazi watoto wakiwa likizo, kati ya Juni na Oktoba, kiangazi njia ikiwa kavu. Ikibidi iwe wikendi, Jumapili asubuhi ni nafuu kuliko Jumamosi, kwa kuwa wengi wako ibadani na wale wa kutoka mbali wanarudi.

Ikilazimika iwe sikukuu, silaha pekee ni kuwahi. Kundi la wanafunzi 50 haliwezi kuanza mapema: kuna kuhesabu watu, kuna chai, kuna aliyesahau viatu. Ukianza kupanda saa 2 asubuhi, utakuwa umeondoka majini wakati wao wanafika. Mkikutana njiani, wanaopanda wapewe njia, na familia yako isimame upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde. Watoto wengi hujipisha wenyewe kuelekea kwenye ukingo kwa adabu tu, kuwapisha wakubwa. Wafundishe mapema kwamba hapa adabu ni kujibana kwenye mlima.

Umati una ubaya mwingine usioonekana. Watu wakiwa wengi kila mzazi huamini kuna mwenzake anayeangalia. Kelele za furaha na kelele za kuomba msaada zinakuwa kitu kimoja, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele kabisa. Kwa hiyo ukifika ukakuta mabwawa yamejaa watu, angalieni mandhari, kuleni, pigeni picha, lakini msiogelee.

Watoto wangu wanajua kuogelea kidogo, wamejifunzia baharini. Naomba mnieleze kuhusu kuoga kwenye maporomoko. Kuna hatari gani hasa?
*Mama Mlezi, Kilosa*

Mama, hili ndilo swali tulilotamani kila barua iwe nalo. Maji ya Sanje yanashuka jumla ya mita 170, lakini si kwa mruko mmoja. Yanakuja kwa hatua, na kati ya hatua kuna mabwawa. Mabwawa hayo ndiyo yanayowavuta watu.

Aliyejifunzia baharini amezoea maji ya chumvi, ambayo humwinua. Maji baridi hayambebi kiasi hicho. Na yale meupe yenye povu, chini kabisa ya mporomoko, hayambebi hata kidogo, kwa sababu nusu yake ni hewa. Mtu hodari anapiga mikono na bado anashuka. Juu ya hayo, maji yanayoanguka hurudi chinichini kuelekea ukutani na kumvuta aliyekaribia. Tena mawe na matawi huanguka pamoja na maji. Kwa hiyo hakuna kusimama chini ya mporomoko kupigwa picha, hata kama mwingine amefanya hivyo mbele yako.

Hatari ya pili ni jiwe lenye utelezi. Jiwe jeusi lililo kavu lina mshiko. Lenye utando wa kijani au linalong'aa halina. Kwenye kingo za juu, pale maji yanapoanza kuanguka, mtoto asikaribie chini ya mita tano, na mkono wake uwe kwenye mkono wa mtu mzima. Ukiteleza hapo huna cha kushika.

Hatari ya tatu ni kujirusha kwa kichwa. Mafuriko ya masika hubadilisha chini ya bwawa kila mwaka: palipokuwa na kina panaletewa gogo. Ingieni kwa miguu, polepole, na watoto waishie kiunoni.

Sasa vifaa. Chukua dumu tupu la lita 5, lile la mafuta ya kula, lioshe, hakikisha kifuniko kinakaza. Tia ndani kikombe kimoja cha maji kisha funga. Maji hayo kidogo ndiyo yanayolipa uzito wa kuruka. Dumu tupu kabisa ukilirusha upepo unalirudisha miguuni pako. Funga kwenye mshikio kamba ya manila ya mita 15, na mwisho mwingine wa kamba piga kitanzi cha kuingiza mkono. Dumu hilo linaelea kwa nguvu ya zaidi ya kilo 4, inayotosha kuweka kichwa cha mtu juu ya maji. Fanyeni mazoezi nyumbani: weka ndoo mita nane mbele yako, urushe dumu livuke ndoo, kisha ulivute. Usimlenge mtu; mpite, kamba imwangukie begani.

Mtu mzima mmoja awe mlinzi wa maji. Haogi, hapigi picha, simu yake iko kwenye begi. Anasimama pale maji yanapotoka bwawani, upande wa chini, kwa sababu mkondo utamleta mtoto kwake. Dakika 15, kisha anapokelewa kwa maneno: "Sasa ni wewe." Usibadilishe zamu kwa kutikisa kichwa.

Mtoto akizidiwa, usimrukie. Mpe fimbo, mrushie dumu, mtupie kanga mbili zilizofungwa pamoja. Akitolewa hapumui, msimminye tumbo wala msimning'inize kichwa chini. Huko ni kupoteza dakika na kumsababisha atapike, matapishi yaingie mapafuni. Mlaze chali, mpe pumzi tano za mdomo kwa mdomo huku pua umeibana, kisha mkandamize kifua mara 30 na pumzi 2, mwendo huo huo mpaka apumue au msaada ufike. Kila mtoto aliyenusurika kuzama apelekwe hospitali siku hiyo, hata kama anacheka.

Tumeambiwa maporomoko hupendeza zaidi Aprili. Kweli?
*Kijana, Mikumi*

Kupendeza yanapendeza, maana masika ya Machi hadi Mei ndiyo yanayoyajaza. Lakini ni miezi ya kutazama kwa mbali. Njia inakuwa tope, ukungu unafunika bonde la Kilombero ambalo kwa siku nzuri unaliona lote kutoka juu na mashamba yake ya miwa, na mto unaweza kujaa bila mvua kukunyeshea wewe. Mvua inanyesha huko juu msituni, wewe uko kwenye jua, na maji yanakuja.

Dalili zake zijue. Maji yaliyokuwa angavu yanaanza rangi ya chai ya maziwa. Majani na vijiti vinaanza kupita kwa wingi. Mngurumo unakuwa mzito. Jiwe ulilokuwa umeweka viatu limelowa. Ukiona moja tu, watoke wote sasa hivi, wasikaushe nguo. Na tangu mnapofika, mizigo na watu wakae upande ule ule wa njia ya kurudi. Waliovuka kwenda ng'ambo kutafuta kivuli ndio wanaokwama.

Tubebe chakula gani na maji kiasi gani? Familia ni wazazi wawili na watoto watatu.
*Mama Mpishi, Kilombero*

Maji: lita 2 kwa kila mtu mzima, lita moja na nusu kwa mtoto mkubwa, lita moja kwa kila mdogo. Kwenu ni kama lita 7 na nusu, yaani kilo 7 na nusu, kwa hiyo kila mmoja abebe yake. Chupa mbili zigandisheni usiku, mkiacha robo tupu zisipasuke. Hewa ya msitu huo ina unyevu. Jasho linatoka bila kukauka, na mtu anaishiwa maji kabla hajahisi kiu. Chupa moja iwe ya maji yaliyochanganywa: lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Aliyebanwa na misuli au anayeumwa kichwa anywe hiyo.

Pilau ndani ya hotpoti tunajua ni fahari ya sikukuu, lakini muiache garini kama mnaila kabla ya saa 5, au muiache nyumbani. Wali uliopoa ukawa vuguvugu mpaka saa 8 mchana ndio unaoharisha watu njiani Morogoro. Wali wa nazi ndio kabisa. Bebeni chapati 12, mayai ya kuchemsha 10 yasiyomenywa, viazi vitamu, karanga robo kilo, machungwa. Msiwashe moto.

Ndizi ziwe ndani ya begi lenye zipu, si mkononi. Nyani hujua umbo la ndizi na mlio wa mfuko unaofunguliwa. Akishika begi, mwachie. Meno yake ni marefu kuliko unavyodhani. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, basi tumieni vikapu na vyombo vyenye mifuniko, na maganda yote mrudi nayo.

Viatu gani?
*Msomaji, Kidatu*

Raba zenye meno, zilizokwisha kuvaliwa wiki mbili. Viatu vipya hutoa malengelenge kabla ya saa moja. Yeboyebo na ndala zifungwe kwenye begi, mvae majini tu. Soksi ndefu, suruali iingizwe ndani ya soksi: siafu wakikatiza njia, mnapita haraka bila kusimama kuwatazama, na aliyeng'atwa achomoe mmoja mmoja akiwa mbali na msafara wao. Kucha za watoto zikatwe jana yake. Wakati wa kushuka vidole hugonga mbele ya kiatu, na kucha ndefu huwa nyeusi kesho yake.

Nina mtoto wa miezi minane. Nitambeba mgongoni kwa kanga kama shambani.
*Mama Kijacho, Mlimba*

Mama, shambani ni tambarare. Anayeteleza kwenye mteremko huanguka kwa matako na mgongo, yaani juu ya mtoto. Ukimweka mbele, huoni miguu yako. Njia ya Prince Bernhard inakutosha wewe na yeye. Sanje ingoje mpaka atembee mwenyewe. Umri wa miaka 6 au 7 ndio tunaoushauri kwa kuanzia.

Je, maji ya Sanje yana kichocho?
*Baba, Mang'ula*

Konokono wanaobeba kichocho wanapenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole, yenye jua na magugu. Maji ya kasi yanayopiga mwamba ndani ya msitu wenye kivuli si makazi yao. Tatizo huja baadaye: familia inashuka imejaa tope, inakuta mfereji wa umwagiliaji huko bondeni, watoto wanaingia kunawa miguu saa 8 mchana. Huo ndio muda vijidudu hivyo vinapokuwa vingi majini, na dakika chache zinatosha kupenya ngozi. Wekeni galoni la lita 10 la maji safi garini kwa ajili ya miguu. Mtoto aliyekwisha kuingia kwenye mfereji wa namna hiyo, akikojoa damu au akilalamika tumbo wiki au miezi baadaye, mpeleke kupima mkojo na choo, na umwambie daktari aliingia maji gani na lini. Dawa yake, praziquantel, ipo na inatibu. Kipimo chake huenda kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo msimpe vidonge vya jirani.